Vinywa Arobaini na Viwili

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Chumba nilichopewa kina dirisha na kitanda cha chuma, na chakula chao kinalika. Natumaini mlango wangu haukukutesa. Lazima uuinue kidogo ndipo ufunguo ukubali. Msalimie mjomba, mwambie asithubutu kupanda ngazi zile kuja kukuona, goti lake litamwangusha. Na yule mshonaji wa chini mwambie redio yangu akae nayo mpaka nirudi.

Kozi yenyewe ni ya miezi mitatu. Tunafundisha watangazaji wapya wa stesheni za treni, jinsi ya kusema jukwaa la pili na abiria akasikia jukwaa la pili. Simu naomba usinipigie. Mchana kutwa niko darasani, na vumbi la huku limenikausha koo, nikiongea mwenyewe sijitambui. Tuandikiane kama zamani ulipokuwa bwenini.

Sasa tangi. Najua unaliona ni wazimu wa mtu asiye na mke. Samaki wawili hawana shida, watupie punje zao. Kazi iko kwenye lile tumbawe la rangi ya chungwa, kule chini ya jiwe. Linaitwa tumbawe-jua kwa sababu ya rangi tu, jua lenyewe halilisaidii lolote. Matumbawe mengine hushiba mwanga. Hili usipolilisha kwa mkono linakufa njaa huku taa inawaka. Kila kitundu unachokiona ni kinywa. Viko arobaini na viwili, na usiruke hata kimoja.

Lilishe saa nne asubuhi, kabla hujaenda dobi. Yeyusha kipande cha uduvi wa barafu kwenye kikombe cha maji ya tangi. Zima pampu. Dondosha kwanza yale maji ya uduvi peke yake, kisha kaa usubiri. Vikisikia harufu vitachanua. Hapo lifunike kwa chupa niliyoikata kitako, samaki wasiibe, upitishe bomba la sindano kwenye mdomo wa chupa na ukipe kila kinywa uduvi wake. Saa moja baadaye toa chupa, washa pampu. Nimeandika WASHA PAMPU ukutani kwa kalamu nyekundu. Usicheke. Maji yakisimama na mabaki yakabaki ndani, yanaoza, na kila kitu kinakufa.

Jambo la mwisho. Likifumba siku nzima usidhani limeshiba. Lililofumba ndilo lenye njaa.

Mdogo wako,
Spika


19 Februari

Mdogo wangu Spika,

Marahaba. Barua yako imetembea siku tisa, nadhani ilikuja kwa miguu. Sisi hatujambo. Mjomba alipanda ngazi siku ileile niliyomkataza, akakaa kwenye kiti chako, akakataa kushuka mpaka apewe chai ya pili. Mshonaji amechukua redio na sasa tunasikiliza anachotaka yeye, tupende tusipende.

Nimekupigia mara tatu hata hivyo. Haya, umeamua barua, barua basi. Ila ujue dada yako anapiga pasi shuka mia tatu kwa siku, mkono unaokuandikia hapa umechoka.

Nikuambie ukweli kuhusu huyo mtoto wako wa rangi ya chungwa. Siku ya kwanza nimekaa na bomba mkononi dakika arobaini, limefumba kama ngumi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nimeligombeza, nikaliambia mimi si mama yako na nimeamka alfajiri. Siku ya nne nikadondosha maji ya uduvi, nikageuka kutafuta miwani, niliporudi limechanua lote, vidole vidogo vya njano vimenyooshwa kila upande vinaomba. Nilipiga ukelele mpaka mshonaji akagonga dari kwa ufagio. Nikawapa mmoja mmoja nikihesabu kwa sauti. Arobaini na viwili. Kazini nilichelewa na sikujali.

Miaka yote nimekuuliza unaona nini humo. Sikuulizi tena.

Jana nilipita stesheni. Wamekuweka kwenye mashine, unatangaza ilhali hupo. Na ile sentensi yako ya mwisho ambayo mkuu wa stesheni aliikataza, bado imo, nadhani hajui jinsi ya kuifuta. Mama mmoja aliisikia akamrudia mtoto wake aliyekuwa amesimama kwenye kibanda cha magazeti. Ulirekodi lini zote hizo? Mbona hukuniambia?

Dada yako


8 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeicheka barua yako mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Kweli vilichanua siku ya nne? Mimi vilinichukua wiki mbili. Una mkono.

Nilirekodi mapema, kidogo kidogo. Nisingeweza kuwaacha abiria bila mtu wa kuwaambia waende wapi. Usimwambie mkuu kuhusu sentensi.

Kuna kitu nimekuwa nikikifikiria hapa, muda ninao. Unakumbuka mama alipofariki, nilikuwa na miaka sita nikagoma kula? Shangazi walinipigia kelele, mjomba akaniahidi baiskeli. Wewe ulikuja na bakuli, ukakaa sakafuni mbele yangu. Ulikaa mpaka chakula kikapoa, ukaenda kukipasha moto, ukarudi ukakaa. Sikumbuki ulirudi mara ngapi. Nakumbuka nilifumbua mdomo kwa sababu nilikuonea huruma, ulikuwa na miaka kumi na tatu na ulikuwa unasinzia umekaa. Sijawahi kukushukuru. Kwa hiyo usishangae kwamba una mkono, nilishaujua.

Nisalimie wote arobaini na wawili. Niandikie wanaendeleaje, kila kitu, hata kama ni upuuzi. Huku barua ndiyo siku yenyewe.

Spika


27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata tarehe ishirini na moja, asubuhi. Mjomba hajambo. Mshonaji ana mafua. Mvua imeanza na ngazi zinateleza.

Tumbawe ni zima. Linachanua vizuri, saa nne kila siku, vyote arobaini na viwili. Samaki nao wazima. Usiwe na wasiwasi nalo kabisa, shughulika na kozi yako.

Kuhusu lile bakuli, mimi nakumbuka mara tano. Hukuwa na haja ya kushukuru.

Samahani barua ni fupi, kazi zimezidi.

Dada


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hujambo? Mshonaji amepona mafua? Mwambie mjomba nimeota tunacheza karata na kama kawaida aliiba.

Nashukuru sana kwa habari za tumbawe. Nimeisoma ile sehemu mara nyingi kuliko inavyostahili. Ningependa useme zaidi, lakini najua umechoka.

Kozi imeongezwa. Bado miezi miwili, pengine zaidi. Nilikuwa na wazo, nilishaanza hata kuliandika kwenye karatasi nyingine nikaichana. Nilitaka nikuombe uje huku siku tatu nne kabla ya katikati ya Mei. Kuna mambo ningependa tuyaongee kwa mdomo, mimi na wewe tumekaa. Halafu nikapiga hesabu. Safari ni siku mbili kuja na mbili kurudi, jumla siku nane hivi. Siku nane bila kulishwa, baada ya kuzoea kula kila siku, nusu yake litarudi nyuma na kubaki mifupa. Na kumkabidhi mshonaji bomba la sindano ni sawa na kumkabidhi mjomba ngazi.

Kwa hiyo acha. Tutaongea nikirudi. Wewe ni wa kwanza kulifanya lichanue siku ya nne, huwezi kuondoka sasa.

Spika


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imechelewa, nimeipata jana. Wote wazima.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ningependa sana kuja. Ukisema njoo, nitakuja. Lakini ni kweli ulivyosema, nani atalilisha. Siwezi kuliacha, lingepata shida, na wewe ungeumia. Basi tuvumilie mpaka urudi.

Linaendelea vizuri. Asubuhi ya leo limechanua kabla hata sijadondosha maji. Arobaini na viwili, nimehesabu mwenyewe.

Ni mambo gani uliyotaka tuongee? Niandikie tu.

Dada


3 Juni

Dada,

Shikamoo. Mwandiko usikutishe, naandika nimelala. Nilikuwa na homa, imepita.

Nimekumbuka jambo moja sikukufundisha vizuri. Ukisukuma bomba, sukuma polepole sana. Ukisukuma haraka kinywa kinajaa kabla hakijajua kwamba kinalishwa, na kinakitema chakula. Na uduvi uache uwe vuguvugu kama maji yenyewe. Baridi inashuka mpaka chini unaihisi njia nzima. Kaa nacho baada ya kulisha, usiondoke mara moja. Hakikuoni, najua. Kaa tu.

Mambo niliyotaka tuongee yamepita wakati.

Spika


15 Juni

Mdogo wangu,

Leo sina salamu za mtu, wote wazima, nitazituma siku nyingine.

Nimefua shuka miaka tisa. Shuka za hoteli, shuka za mabweni, na kila Jumatatu na Alhamisi shuka za wodini. Harufu ya ile dawa wanayomwagia wodini haitoki kwenye kitambaa kwa sabuni yoyote, nikifika nyumbani nanawa mikono mara tatu na bado naisikia. Nilifungua barua yako mezani kwako, mbali na dobi, na nikaisikia. Nikazitoa barua zako zote kwenye droo. Zote. Tangu ya Februari ilikuwemo, nikaidhani ni mikono yangu. Halafu nikasoma tena habari za mwenzako wa kitanda cha pili, na za baridi inayoshuka njia nzima.

Uko hospitali gani, na ni nini?

Kabla hujanijibu, nami nina langu, maana siwezi kukudai ukweli huku nimekalia uongo. Tumbawe lilikufa Machi. Tarehe ishirini na moja nililisha saa nne kama kawaida, nikafunika chupa, nikasubiri saa yangu ipite. Nilikuwa na zamu mbili mfululizo siku hiyo nikawaongezea wote uduvi wa pili. Kisha sikuwasha pampu. Niliondoka mbio kwenda kazini na maandishi yako mekundu yako ukutani. Niliporudi kesho yake maji yalikuwa meupe na harufu ilifika kwenye ngazi. Samaki wako wote wawili walikuwa juu. Tumbawe lilikuwa linayeyuka, ukiligusa linatoka kama ute. Nilibadilisha maji siku tatu. Kilichobaki ni jiwe jeupe lenye matundu arobaini na mawili. Ndiyo hayo niliyokuwa nakuhesabia.

Usiniulize kwa nini nilisahau.

Tangi sikulizima. Miezi yote hii pampu inazunguka, nabadilisha maji kila Jumapili, tangi la maji matupu, mshonaji anadhani nimerukwa na akili. Sikuweza kulizima. Juzi nilitoa bomba la pampu nilisafishe, na upande wa nyuma usiopata mwanga nikaona madoa ya kutu. Nikachukua mswaki. Kisha nikakumbuka bomba ni la plastiki, litapataje kutu. Nikavaa miwani. Ni vinywa kumi na kimoja, kila kimoja sawa na kichwa cha njiti ya kiberiti, rangi ya chungwa. Kimoja kilikuwa kimenyoosha vidole.

Nimeyaandika haya kwa aibu. Nijibu hata kwa matusi.

Dada yako


24 Juni

Dada,

Shikamoo.

Jina la hospitali safari hii nimeliandika nyuma ya bahasha. Ni koo. Walikuta uvimbe kwenye kisanduku cha sauti mwezi wa kwanza, ndiyo maana nilirekodi, nilijua. Hakuna kozi. Walijaribu dawa na mionzi, haikusaidia, na tarehe kumi na nne Mei walikitoa chote. Siongei. Sitaongea tena. Nalishwa kwa bomba linaloingia puani, mara tano kwa siku, na muuguzi wa asubuhi anasukuma haraka. Uvimbe umeonekana tena mahali pengine na madaktari wameanza kunisalimia kwa upole sana.

Nilikasirika, dada. Siku mbili nimeigeuza barua yako ukutani. Si kwa ajili ya tumbawe. Nilitaka uje kabla ya tarehe kumi na nne nikusemeshe. Nilikuwa nimebakiwa na sauti kidogo, imekwaruza lakini ni yangu, nikaikusudia iwe yako. Nikajizuia ili vinywa arobaini na viwili visikose chakula. Na havikuwepo. Nililala usiku wa kuamkia upasuaji nikimsemesha mwenzangu wa kitanda cha pili habari za mama, mtu ambaye hata hamjui, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa na hapakuwa na mwingine.

Ndiyo, niliudhika sana. Kisha nikaisoma barua tena nikaona tarehe ya siku ile ya pampu. Ndiyo siku uliyopata barua yangu ya bakuli. Ulikuwa umekaa unaisoma. Nami huku nilikuwa nakudanganya kuhusu vumbi. Basi tuko sawa, na sijui sawa hiyo inamfaa nani.

Sasa hao kumi na mmoja. Tumbawe likipata taabu humwaga watoto majini kabla ya kufa, wakitafuta pa kujishika. Waliondoka siku ileile. Usiwape uduvi mzima, vinywa ni vidogo. Uponde mpaka uwe kama vumbi la chaki, uchanganye na maji, tone moja kila mmoja. Wakikosa siku mbili kwa umri huo, basi.

Kwa hiyo sikuiti. Mara hii ni kweli wapo.

Spika


2 Julai, kwenye daftari lililoko kando ya kitanda

Dada, umefikaje?

Kwa treni. Marahaba, maana hukuniamkia.

Mbona unaandika? Wewe sauti unayo.

Nimezoea kukujibu hivi. Na nikifungua mdomo nitalia, huyu wa kitanda cha pili anatutazama.

Mwache, ni rafiki yangu. Anajua habari zetu zote. Umekonda.

Wewe je.

Mimi nina sababu. Watoto wangapi?

Kumi na mmoja nilipoondoka.

Kweli?

Kweli. Sikudanganyi tena.

Nani anawalisha?

Mjomba. Amehamia kwako, amekataa kurudi kwake kwa sababu ya ngazi. Nimemwachia bomba na uduvi uliopondwa. Mkono unamtetemeka.

Dada, mjomba haoni hata karata zake.

Najua.

Watakufa.

Pengine.

Treni inarudi kesho saa mbili na robo. Ukiipanda utawakuta wachache. Mimi hapa nina wauguzi. Rudi ukawalishe.

Sirudi.

Dada.

Sirudi. Nimeongea na muuguzi wa asubuhi, amenionyesha. Ya saa nne nitakulisha mimi, polepole, na nimemwambia chakula kipashwe moto kidogo.

Utakaa mpaka lini?

Mpaka mwisho.

Haya.

Unalia?

Ni bomba la puani linauma. Niambie kitu. Bado niko kwenye mashine pale stesheni?

Bado. Nimeachia treni ya kwanza ikaondoka ili nikusikilize mara mbili.

Nimesemaje? Niandikie yote, nimeanza kusahau nilivyokuwa nasema.

Ulisema: Treni ya saa mbili na robo asubuhi inaondoka jukwaa la pili. Abiria mnaombwa mkae nyuma ya mstari. Kisha ukanyamaza kidogo, kama ulivyokuwa unafanya, watu wakadhani umemaliza. Kisha ukasema ile uliyokatazwa.

Iandike.

Kabla hamjapanda, hakikisheni hamjasahau mzigo wala mtu.